Vipande vya mazulia vyasitiri sakafu za wageni Uingereza

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

ALIYEWAHI kupewa ufunguo wa nyumba ya halmashauri hapa Uingereza anaijua harufu ile. Ni harufu ya saruji tupu, gundi kuukuu na rangi iliyopakwa ukutani kwa haraka. Mlango unafunguliwa, watoto wanaingia mbio kwa furaha, na vishindo vyao vinarudi kama vile wako ndani ya ghala. Hakuna zulia, hakuna plastiki ya sakafuni, hakuna hata jamvi.

Sisi tulikabidhiwa ufunguo wetu Januari mwaka 2008, baada ya ombi letu la hifadhi kukubaliwa. Wakati huo mkimbizi aliyekubaliwa alikuwa na siku 28 tu kabla ya kukatiwa posho na kutakiwa kuondoka katika nyumba wanamokaa wanaosubiri uamuzi. Ndani ya siku hizo utafute pa kuishi, ufungue akaunti ya benki, upate namba ya bima ya taifa, uandikishe watoto skuli. Nani atakumbuka sakafu?

Wasomaji wetu walioko nyumbani watashangaa, kwani huko wengi tumekulia juu ya saruji na hatukuona taabu. Lakini saruji ya Pemba mwezi wa Januari unailalia upate baridi yake, na saruji ya England mwezi huo huo inakupanda miguuni hadi magotini. Desturi ya huku ni kwamba mpangaji akihama zulia lake hung'olewa na kutupwa, hata likiwa zima, kwa kuwa mwenye nyumba hataki lawama ya uchafu na viroboto. Katika nyumba yetu zulia lilikuwa limeng'olewa, lakini fito zilizokuwa zikilishikilia ziliachwa. Ni vijiti vyembamba vya mbao vilivyopigiliwa kandokando ya ukuta, vyenye safu ya misumari midogo iliyoelekezwa juu. Siku ya pili mtoto wetu wa kati alizikanyaga akiwa pekupeku. Kazi yetu ya kwanza katika nyumba mpya ikawa kuzing'oa fito hizo, chumba hadi chumba, kwa nyundo ya kuazima.

Tulikwenda dukani kuuliza bei ya kutandika ukumbi na vyumba viwili. Pamoja na sponji ya chini na ujira wa fundi, tuliambiwa karibu pauni 900. Mfukoni tulikuwa na pauni 60. Tuliomba msaada, tukapata vitanda na jiko. Kuhusu zulia tukajibiwa kuwa si hitaji la lazima. Wiki ya tatu ikaja barua. Jirani wa chini alikuwa amelalamika kwamba watoto wetu wanapiga kelele usiku kucha. Hawakuwa wakipiga kelele, walikuwa wakitembea tu, lakini juu ya sakafu tupu mtoto wa miaka minne akienda chooni ni kama anapita farasi. Barua ilikumbusha, kwa adabu kubwa, kwamba malalamiko yakizidi upangaji wetu utaangaliwa upya.

Hapo ndipo tulipoanza kuzunguka nyuma ya maduka ya mazulia.

Mazulia ya kutandika chumba kizima hapa Uingereza aghlabu hutoka kiwandani yakiwa na upana wa mita 4 au mita 5. Chumba kikiwa na upana wa mita 3 na nusu, fundi hukata zulia la mita 4, na ile nusu mita inayobaki, kwa urefu wote wa chumba, haina mwenyewe. Tena kila robota likifika mwisho hubaki kipande cha mita mbili au tatu ambacho hakimtoshi mteja yeyote. Vipande vikubwa huuzwa kwa bei ya kutupa, vidogo huishia kwenye kontena la taka. Mwenye duka la mtaani kwetu, mzee wa Kipunjabi, alituruhusu tuchukue tutakacho, akatuongezea na ushauri ambao hatukuuelewa wakati ule: tusiyatandike hivi hivi.

Tuliyatandika hivi hivi. Tulikata kwa kisu cha jikoni, tukabandika kando kwa utepe wa plastiki wa rangi ya fedha, ule wa mafundi bomba, tukajipongeza. Ukumbi ulipata joto, na jirani wa chini akanyamaza. Baada ya wiki kama tatu utepe ukaanza kubanduka, na nyuzi zikaanza kutoka, moja moja kwanza, halafu safu nzima. Pembe moja ilijikunja juu kama ulimi. Tuliiona. Tukasema tutaitengeneza Jumapili.

Jumamosi ilifika kabla ya Jumapili. Shangazi yetu alikuwa amekuja kututazama kutoka Maskati, anakoishi na watoto wake. Huko amezoea kusali katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao zulia lake la ukumbi wa sala lililofumwa kwa mkono na mafundi wa Iran lina uzito wa tani 21 na mafundo bilioni 1.7. Mtu wa zulia kama hilo akaja kuangushwa na kipande chetu cha kuokota. Aliamka alfajiri kutia udhu, kidole cha mguu kikaingia chini ya ile pembe iliyojikunja, akatanguliza mkono. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika mahali pawili. Alikuwa na miaka 67. Alirudi Maskati na plasta hadi karibu na kiwiko, na muda wote aliokuwa kwetu hakututupia neno la lawama hata moja, jambo ambalo lilitusumbua zaidi kuliko kama angetutukana.

Katika waliokuja kumjulia hali alikuwapo mzee mmoja wa Bukavu, jirani wa ghorofa ya tatu, ambaye kwao Kongo alikuwa fundi cherehani. Alipiga pole zake, akanywa chai, halafu akainama akafunua ukingo wa zulia letu na kuutazama kama daktari anavyotazama kidonda.

"Hii kitu haina mupaka," alisema. "Ndiyo maana inakimbia."

Sisi wa visiwani "mpaka" ni wa nchi na nchi, au wa shamba na shamba. Yeye kwake neno hilo lilitosha hata kwa kitambaa. Tulicheka kidogo, maana waliokuwamo chumbani wote walikuwa watu waliovuka mipaka kwa kukimbia, lakini mzee hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa akieleza ufundi.

Ili kuelewa alichokiona, yafaa kujua zulia lenyewe limejengwaje. Kuna mazulia ya kufumwa, na kuna ya kuchomekwa. Kidderminster, mji usiokuwa mbali nasi kwa treni, uliishi kwa mazulia ya kufumwa tangu karne ya 18, na mwaka 1755 Thomas Whitty alianza kufuma yake katika mji wa Axminster, kusini-magharibi mwa England. Zulia la namna hiyo ni kama kitambaa kinene: nyuzi za kwenda na nyuzi za kupita, na manyoya yake yamefungwa humo humo. Ukilikata, umekata zile nyuzi zilizokuwa zikishikana, na litafumuka uzi kwa uzi.

Aina ya pili ilianzia mbali kidogo. Katika eneo la Dalton, jimbo la Georgia huko Marekani, msichana aliyeitwa Catherine Evans alianza katika miaka ya 1890 kutengeneza mashuka ya kitandani kwa kupitisha uzi kwenye kitambaa, kukata vitanzi vyake na kukichemsha kitambaa ili kijikaze na kuushika uzi. Mwaka 1900 aliuza shuka moja kwa dola 2 na senti 50. Wanawake wa vijijini wakaiga, zikaja mashine, na baada ya Vita Vikuu vya Pili mashine zile zikapanuliwa zikawa za mazulia. Ndiyo sababu Dalton ikawa makao makuu ya mazulia ya Marekani, na ndiyo sababu mazulia mengi yanayotandikwa majumbani leo hayakufumwa: uzi umechomekwa tu kwenye kitambaa, ukagandishwa kwa gundi ya mpira mgongoni, kisha ukabandikwa kitambaa cha pili. Ukilikata zulia hilo manyoya ya kando hubakia yameshikwa na gundi peke yake. Likipitiwa na miguu na mashine ya kufagilia, gundi huachia. Lile lenye vitanzi visivyokatwa ni baya zaidi, kwani uzi mmoja ukivutwa, safu yote huufuata.

Kwa hiyo ukingo ndio unaolishika zulia lisiondoke. Mzee wa Bukavu alitufundisha hilo kwa jioni nne, sakafuni kwetu, kwa sindano na bila haraka.

Kwanza alituambia tuchague. Kipande kiwe kipya kutoka dukani, si zulia lililong'olewa nyumbani kwa mtu, maana zulia kuukuu la sufu huweza kuja na mayai ya nondo, nawe ukawakaribisha nyumbani. Mgongo wake usiwe wa sponji. Sponji haishoneki, sindano huipasua kama mkate. Na ujue ni uzi gani. Alichomoa unyoya mmoja, akaushika kwa koleo juu ya beseni la kuoshea vyombo na kuuwashia kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu, hiyo ni plastiki. Mazulia mazuri ya Kiingereza mara nyingi huwa na sufu asilimia 80 na naironi asilimia 20, na kipande cha namna hiyo, hata kama rangi yake haikupendezi, usikiache.

Kukata ni upande wa mgongo, siyo upande wa manyoya. Zulia hupinduliwa, hupigwa mstari kwa chaki na mbao iliyonyooka, kisha hukatwa kwa kisu cha wembe kwa kupitisha mara mbili au tatu, taratibu, ili kikatike kitambaa na manyoya yasiguswe. Ukikata kwa juu utayanyoa manyoya, na ukingo utakuwa na upara. Mara tu baada ya kukata, kabla hujaliinua, paka gundi nyeupe ya mpira, ile inayonuka amonia, kwenye mdomo wa mgongo, upana wa kidole kimoja. Fungua dirisha, uache ikauke hadi kesho yake. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na sisi tulitaka kuiruka. Mzee alikataa kabisa kuendelea mpaka ikauke. Alikunywa chai akaenda kwake.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuvika utepe. Unachukua utepe wa pamba wenye upana wa vidole vitatu, unaushona upande wa juu chini kabisa ya manyoya, unaukunja upite ukingoni, na upande wa mgongo unaushona au kuubandika kwa gundi ya moto. Kwenye pembe utepe hukunjwa kwa mshazari, kama anavyokunja mtu bahasha. Zipo siku hizi tepe zinazouzwa na gundi yake tayari, na kwa mtu asiyeweza kushika sindano zinafaa, lakini mahali penye mlango na miguu mingi hatuziamini.

Njia ya pili ndiyo aliyoipenda yeye. Ni kuuzungushia ukingo uzi mnene wa sufu, pindi kwa pindi, zikikaribiana mpaka zulia lisionekane kabisa, kama vile fundi anavyopiga ovaloki kwenye mshono wa suruali. Kazi hii inataka sindano nene. Hapa huuzwa zilizopinda kama mwezi mchanga, lakini shazia ya kushonea magunia inatosha kwa mwenye nayo. Inataka na subana ya chuma, vinginevyo kidole kitatoboka. Kabla ya kuanza unatandaza uzi mmoja wa mkonge au kamba nyembamba kandokando ya ukingo, na pindi zote zinaizungukia kamba hiyo. Ndiyo inayoufanya ukingo uwe mviringo na uzito wa kulala chini. Pembe ni bora ziviringwe kidogo. Sisi tulichora kwa sahani ya chai.

Mafundi wa Uajemi nao huzungushia sufu pande za mazulia yao, na ukingo huo huuita "shirazeh". Nasi hatukupaswa kwenda Uajemi kujifunza. Tulipokuwa tumepiga magoti juu ya kipande kile ilitujia sura ya bibi yetu, barazani kwake Pemba, akisuka ukindu. Ukili ukishonwa kwa ukili hadi mkeka upate upana wake, sisi watoto tulidhani kazi imekwisha na tulitaka kuulalia. Alikuwa akitufukuza. Mkeka usiokunjwa pindo, akisema, bado ni ukindu. Tulilisikia neno hilo labda mara mia, na tulipofika mahali tulipolihitaji tulikuwa tumelisahau, tukabandika utepe wa fundi bomba.

Zulia la kwanza lililokamilika lilikuwa la mita 3 kwa 2. Mzunguko wake ni mita 10, na mita 10 kwa sindano zilituchukua jioni nne hadi saa sita za usiku, vidole vikiwa na malengelenge. Mzee alilikagua kwa kulivuta ukingo kwa nguvu kama anayetaka kuliharibu. Pindi mbili zilicheza. Alizikata, akasema tuzirudie.

Je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii? Tumeulizwa swali hili mara nyingi na vijana waliofika karibuni, na hatutaki kumdanganya mtu. Maduka mengi ya mazulia hupeleka vipande kwa mafundi wenye mashine maalumu, na mashine ile humaliza mita 10 kabla chai haijapoa. Duka la mtaani kwetu mwaka ule lilitoza pauni 4 kwa mita, yaani pauni 40 kwa zulia kama letu. Na pauni 40 hizo hizo zilikuwa zinanunua zulia jipya la plastiki lililofumwa kiwandani Uturuki au Ubelgiji, tena lenye maua. Hatuwezi kushindana na hilo kwa sindano. Tulichouza katika miaka miwili ya mwanzo ni mazulia 11, karibu yote kwa watu tunaosali nao au waliosikia kutoka kwao, na faida yake ilitosha kununulia uzi na nauli.

Lakini kuna jambo ambalo zulia la kiwandani halifanyi. Vyumba vya nyumba hizi vina vipimo vya ajabu: ujia mwembamba wa sentimita 80, ukumbi wenye pembe iliyokatwa na bomba. Kipande chako unakikata kwa kipimo chako. Mama mmoja wa Burundi alitandika ngazi nzima kwa vipande vya rangi saba. Kina ndugu waliokodi chumba juu ya duka kwa ajili ya sala ya Ijumaa walipata safu zao zote kwa mabaki ya robota moja la sufu ya kijani, na ilibidi tuwaonye juu ya jambo moja: kabla ya kuunganisha vipande, pitisha kiganja ujue manyoya yanalalia wapi. Kipande kimoja kikilala kaskazini na kingine kusini, rangi moja itaonekana mbili. Na juu ya sakafu ya mbao laini, chini ya kila zulia weka wavu wa mpira unaozuia kuteleza. Ukingo mzuri haumsaidii mtu ambaye zulia lenyewe limemkimbia chini ya miguu.

Hali ya jumla haikuwa nzuri zaidi baadaye. Misaada ya Mfuko wa Jamii iliyokuwa ikitolewa na serikali kuu kwa watu wanaoanza maisha mapya ilifutwa Aprili 2013, na katika England kila halmashauri ikaachiwa ijipangie yake. Wales walichukua njia tofauti: viwango vyao vya nyumba vya mwaka 2023 vinataka nyumba ya jamii inapopewa mpangaji mpya iwe na sakafu iliyotandikwa. Hilo ni jambo la kusifiwa, na tunasema hivyo bila ya kuwa na nasaba yoyote na Wales. Kwengineko wapo bado wanaofungua mlango na kukutana na ile harufu ya saruji na gundi. Tunawajua kwa sababu wanatupigia simu. Mzee wa Bukavu amekwishafariki, Mungu amrehemu. Sindano yake iliyopinda tunayo sisi, na Jumamosi moja katika mwezi tunakaa sakafuni na wageni kama alivyokaa na sisi, na wao pia wanataka kuiruka gundi.

Shangazi alikuja tena mwaka 2010. Mkono ulipona lakini haukunyooka sawasawa, na hadi leo hawezi kukamua nguo. Alipofika mlangoni alivua viatu, akasimama. Halafu aliinama, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa zulia la ukumbini, upande mmoja, akageuka pembe, upande wa pili, mpaka akazunguka pande zote nne. Sisi tulibaki tumesimama na mabegi yake mikononi. Ndipo akakanyaga. Akauliza kama tunalo jengine, dogo, la mswala, la kwenda nalo Maskati.